Metali Inaponyamaza

Kipande cha metali kikigongwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, nacho kikawa kimening'inizwa kwa namna ambayo karibu hakigusani na kitu chochote cha kukipokonya nguvu zake, mtikisiko wake bado hupungua hatua kwa hatua mpaka ukaisha kabisa. Hakuna hewa ya kulaumiwa, hakuna mhimili unaosugua, wala hakuna mkono uliokizuia. Nishati iliyotiwa na pigo la kwanza imegeuka kuwa joto ndani ya metali yenyewe, joto dogo mno kiasi kwamba kipimajoto cha kawaida hakiwezi kulionyesha. Wanafizikia huliita jambo hili msuguano wa ndani, nao huupima kwa kulinganisha kila mtikisiko na ule ulioutangulia: mtikisiko unaopoteza sehemu moja ya mia ya upana wake katika kila mzunguko hufa upesi, na ule unaopoteza sehemu moja ya laki moja huendelea kwa muda mrefu. Mtikisiko huohuo ukitumwa kama wimbi la altrasaundi, yaani sauti ambayo marudio yake, idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yako juu ya upeo wa sikio la binadamu, upotevu huonekana kama kufifia kwa wimbi kadiri linavyosafiri. Msuguano wa ndani na ufifiaji wa altrasaundi ni jambo moja linalotazamwa kupitia madirisha mawili, na anayeutazama upotevu huo kama hasara tu huikosa faida yake kubwa, kwa sababu ndani ya metali, ambamo nuru haipenyi, kile kinachopotea ni miongoni mwa ushahidi wa wazi kabisa wa mambo yanayotendeka humo.

Uchunguzi huu ni wa zamani kuliko elimu ya atomu. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, katika tasnifu yake ya mwaka 1784 kuhusu msokoto wa nyaya za metali, aliona kwamba uzito unaoning'inia kwenye waya uliosokotwa na kuachiwa huzunguka huku na huku kwa mizunguko inayozidi kufifia, na akahitimisha kwamba upinzani wa hewa hautoshi kueleza kufifia huko, bali sehemu ya sababu imo katika unyumbufu usiokamilika wa waya wenyewe. William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, aliurudia uchunguzi wa namna hiyo na kuuandikia mwaka 1865, akaeleza kwamba waya uliotikiswa mfululizo kwa siku kadhaa hupoteza mtikisiko wake upesi kuliko waya wa aina ileile ulioachwa utulie, na kwamba ukipumzishwa hurejea kwa kiasi katika hali yake ya awali. Hali hiyo aliiita uchovu wa unyumbufu. Kwamba kitu kisicho na uhai kinachoka na kupumzika ni kauli iliyohitaji ujasiri kuitamka katika karne ya 19, nayo ilipaswa kungoja takriban miaka tisini kabla ya kupata maelezo yanayoridhisha.

Asiyejali kasoro ndogo kama hiyo anaweza kuzingatia yaliyoipata namba mojawapo kuu ya sayansi. Kiwango cha nguvu ya mvutano kati ya miili miwili, ile namba ya Newton ambayo Henry Cavendish aliweka njia ya kuipima mwaka 1798, bado hupimwa mara nyingi kwa pendula ya msokoto, yaani uzito unaoning'inia kwenye waya au uzi mwembamba na kuzunguka huku na huku. Mwaka 1995 Mjapani Kazuaki Kuroda alionyesha kwamba, pale namba hiyo inapotafutwa kwa kupima muda wa mizunguko ya pendula, msuguano ndani ya waya huingiza kosa lisilopunguzwa kwa kurudia kipimo, kwa kuwa daima huelekea upande mmoja na kuifanya thamani ionekane kubwa kuliko ilivyo. Wakati viwango vingi vya msingi vya fizikia vinajulikana kwa usahihi wa sehemu chache katika bilioni, kiwango hiki kina shaka ya takriban sehemu 22 katika milioni, na tabia ya nyaya ni miongoni mwa mambo yanayowatatiza wapimaji.

Metali yenye unyumbufu kamili ingejibu mkazo papo hapo na kurejea kikamilifu mkazo huo unapoondolewa. Metali halisi hujibu kwa awamu mbili, kwani sehemu kubwa ya mnyumbuko, yaani badiliko la urefu au umbo, hutokea mara moja, na sehemu ndogo huchelewa. Clarence Zener, Mmarekani ambaye kitabu chake kilichochapishwa Chicago mwaka 1948 kiliupa uwanja huu misingi yake, aliufafanua uchelewaji huo kwa uwazi ambao haujapitwa na wakati. Mkazo ukibadilika polepole mno, sehemu inayochelewa hupata wasaa wa kuufuata, na karibu hakuna kinachopotea; ukibadilika haraka mno, sehemu hiyo haipati hata nafasi ya kuanza, na tena karibu hakuna kinachopotea; upotevu hufikia kilele pale ambapo muda wa mtikisiko unakaribiana na muda wa kuchelewa. Kwa hiyo mtafiti akiona kilele amekwisha kujua saa ya ndani ya tukio fulani, na akibadilisha halijoto na kuona kilele kikihama, anaweza kukadiria ukubwa wa kizingiti cha nishati ambacho atomu hulazimika kukivuka ili tukio hilo litokee. Kwa njia hiyo Mholanzi J. L. Snoek, katika maabara za kampuni ya Philips mjini Eindhoven, alikitambua kilele cha chuma karibu na nyuzi 40 za Selsiasi, kwa mtikisiko wa takriban mara moja kwa sekunde, kuwa ni atomu za kaboni zinazorukaruka kati ya nafasi za jirani. Na kwa njia hiyohiyo T'ing-Sui Kê, mwanafizikia kutoka China aliyekuwa akifanya kazi Chicago, alionyesha mwaka 1947 kwamba alumini iliyoundwa na punje nyingi ina kilele karibu na nyuzi 285 ambacho hakionekani katika alumini ya fuwele moja, hivyo chanzo chake ni mipaka inayozitenga punje hizo.

Lakini kaboni na mipaka ya punje ni vyanzo vinavyotii kanuni kwa urahisi. Ugumu, na pia uzuri, wa somo hili huanzia pale metali inapobadilishwa umbo kwa kudumu, kama inavyokuwa inapopindwa, inapovutwa au inapofuliwa ikiwa baridi, kwa sababu hapo ndipo msuguano wa ndani unapoanza kusimulia historia ya kile ambacho kipande hicho kimetendewa.

Fuwele ya metali ni mpangilio wa atomu katika safu zinazojirudia kwa utaratibu, na mwaka 1926 Mrusi Yakov Frenkel alikokotoa mkazo unaohitajika ili safu nzima iteleze juu ya nyingine kwa mkupuo mmoja. Hesabu yake ilitoa nguvu kubwa mara maelfu kuliko ile inayotosha kuipinda fuwele safi ya shaba kwa vidole. Mwaka 1934 watu watatu, G. I. Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa kazi yake, walitoa jibu moja, kwamba fuwele haitelezi kwa mkupuo, bali ndani yake mna mistari ya kasoro ambayo hapa itaitwa mitenguko. Katika umbo lake lililo rahisi kuwazika, mtenguko ni ukingo wa safu ya ziada ya atomu iliyoishia katikati ya fuwele badala ya kuvuka hadi upande wa pili. Mstari huo husogea kwa mkazo mdogo kwa sababu katika kila hatua ni vifungo vichache tu vinavyoachana na kuungana upya na jirani mwingine, na unapokwisha kuvuka fuwele nzima, sehemu ya juu imeteleza juu ya ile ya chini kwa upana wa atomu moja. Idadi ya mistari hii inashangaza. Katika metali iliyofuliwa sana ikiwa baridi, urefu wa mitenguko yote iliyomo ndani ya sentimita moja ya ujazo unaweza kufikia kilomita milioni 10, ambao ni zaidi ya mara ishirini na tano ya umbali wa kutoka duniani hadi mwezini, nao wote umejikunja na kusukana ndani ya kipande kinachofichika katika ngumi ya mtoto.

Mitenguko ilikubaliwa na wengi kama nadharia kabla ya mtu yeyote kuiona ikisogea. Ni mwaka 1956 tu ambapo Peter Hirsch na wenzake mjini Cambridge waliitazama ikitembea ndani ya alumini kwa hadubini ya elektroni. Kabla ya hapo wapimaji wa msuguano wa ndani walikuwa tayari wanaijua tabia yake kwa kuisikiliza, na inastahili kusemwa wazi kwamba heshima waliyopewa kwa kazi hiyo ni ndogo kuliko wanayostahili. Mwaka 1940 Thomas A. Read alichapisha vipimo vya fuwele mojamoja za metali vilivyoonyesha mambo matatu ambayo hayakulingana na maelezo yoyote ya awali: upotevu uliongezeka kadiri mtikisiko ulivyokuwa mkubwa, ilhali vyanzo vingine vilivyojulikana havikujali ukubwa huo, mkazo mdogo sana, mdogo kuliko ule wa kuacha alama inayoonekana, ulitosha kuubadilisha upotevu, na kuipasha fuwele moto kisha kuiacha ipoe polepole kuliupunguza. Read aliihusisha tabia hiyo na mitenguko. Fuwele safi ya metali laini, kwa maoni haya, ni kitu chepesi kudhurika kupita kiasi, na mtafiti anayeitoa kwenye tanuri na kuifunga katika chombo cha kupimia anaweza kuwa ameibadilisha kwa kuishika tu, hata akapima matokeo ya mkono wake mwenyewe badala ya hali ya fuwele.

Maelezo yaliyoyaunganisha mambo hayo yalitoka Marekani. Mwaka 1952 J. S. Koehler alipendekeza kwamba mtenguko utazamwe kama uzi uliokazwa na kushikiliwa katika ncha zake, unaotikisika mkazo wa wimbi unapoupitia, na mwaka 1956 Andrew Granato na Kurt Lücke, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Brown, walilikuza wazo hilo hadi likawa nadharia kamili. Mpiga udi anapobonyeza uzi kwa kidole huifupisha sehemu inayotikisika bila kuubadilisha uzi wenyewe. Atomu ngeni au kasoro nyingine ndogo inayotua juu ya mtenguko hufanya kazi ya kidole hicho. Sehemu iliyo huru kati ya kidole kimoja na kingine hujipinda kufuata mkazo, na kwa kuwa inasogea ndani ya kimia cha atomu kinachoizuia, huchelewa, na kwa kuchelewa huigeuza nishati ya wimbi kuwa joto.

Matokeo ya hesabu yao yana ukali ambao mtu hautarajii kutokana na wazo sahili kiasi hicho. Kwa marudio ya chini, upotevu hulingana na urefu wote wa mitenguko, lakini pia hulingana na urefu wa sehemu iliyo huru ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Maana yake ni kwamba kidole kimoja tu kikiwekwa katikati ya kila sehemu huru, huku mitenguko yenyewe ikibaki vilevile, upotevu hushuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Jambo hili linaeleza kwa nini fuwele safi ni nyepesi kubadilika, kwani mitenguko yake ni michache lakini mirefu na huru, na kila kinachoigusa huonekana mara moja katika kipimo. Linaeleza pia jambo linalowatatiza wanafunzi wengi wanapokutana nalo kwa mara ya kwanza, kwamba kupindwa kidogo huuzidisha msuguano wa ndani, lakini kupindwa sana huupunguza tena: mwanzoni mitenguko mipya huzaliwa ikiwa mirefu na isiyo na kizuizi, lakini inapozidi kuongezeka hukutana, hufungana mafundo, na kila fundo huufupisha uzi, hadi hasara inayotokana na ufupi inaizidi faida ya wingi. Anayedhani kwamba upotevu mkubwa ni dalili ya madhara makubwa atakuwa ameusoma ushahidi kinyume. Na kuhusu uhusiano na ukubwa wa mtikisiko ambao Read aliuona, Granato na Lücke walijibu kwamba vidole vingine vinashikilia kwa ulegevu, hivyo mkazo ukizidi kiasi fulani uzi huchomoka, sehemu kadhaa fupi zinaungana kuwa moja ndefu, na upotevu unapanda ghafla.

Jaribio lililoipa nadharia hiyo nguvu kubwa lilifanyika Oak Ridge, Tennessee, ambako D. O. Thompson na D. K. Holmes waliziweka fuwele za shaba ndani ya kinu cha nyuklia na kuripoti matokeo yao mwaka 1956. Nyutroni zinapopita ndani ya metali hugonga atomu na kuzitoa mahali pake, na kuacha nafasi wazi na atomu zinazotangatanga, baadhi yake zikasafiri na kutua juu ya mitenguko. Kwa kipimo cha mnururisho kidogo kiasi kwamba sifa nyingine za shaba karibu hazikuguswa, msuguano wa ndani ulishuka sana na ukakamavu wa fuwele ukapanda, yaani vidole viliwekwa juu ya nyuzi na muziki ukakoma. Ni nadra katika fizikia ya yabisi kupata jaribio ambalo kasoro hupandikizwa kwa kusudi ili kuondoa athari ya kasoro nyingine, na jibu likaja wazi kiasi hicho.

Altrasaundi iliuongezea uchunguzi huu kasi na pia mitego mipya. Kipande chembamba cha fuwele ya kwatsi hubandikwa juu ya uso wa metali uliosawazishwa. Kwatsi hujibana na kujitanua kwa amri ya umeme, na hivyo hutuma ndani ya metali mpigo mfupi wa sauti wenye marudio ya mamilioni ya mitikisiko kwa sekunde. Katika alumini sauti husafiri takriban mita 6,400 kwa sekunde, hivyo wimbi la megahezi 10 lina urefu wa takriban sehemu sita za kumi za milimita, na mpigo unaovuka kipande cha sentimita mbili na nusu hurudi kwa kwatsi baada ya takriban sehemu nane za milioni za sekunde. Kila mwangwi ni mdogo kuliko uliotangulia, na mteremko wa vilele vyake ndio kipimo cha ufifiaji. Kikundi cha Rohn Truell katika Chuo Kikuu cha Brown kilikuwa miongoni mwa walioikamilisha mbinu hii katika miaka ya 1950, na waliotoka humo waliionya jamii ya watafiti mara kwa mara kwamba mwangwi hupungua pia kwa sababu zisizohusu metali kabisa: miale ya sauti hutawanyika kama inavyotawanyika nuru ya tochi, nyuso mbili zisizokuwa sambamba huupotosha mpigo, gundi inayobandika kwatsi hunywa sehemu yake, na katika metali ya punje nyingi kila mpaka wa punje hulitawanya wimbi. Kinachosomwa kwenye chombo ni namba moja, na ndani yake sababu kumi zimejumlishwa. Sehemu kubwa ya uaminifu wa wanasayansi hawa ilikuwa katika kuitenga sababu moja na nyingine kwa kubadilisha marudio, halijoto, ukubwa wa mtikisiko na muda, jambo moja kwa zamu, kabla ya kudai kwamba wameisikia mitenguko.

Faida ya mpigo mfupi ni kwamba mtafiti anaweza kupima wakati fuwele inavutwa, bila kungoja imalize kubadilika. Mstari wa ufifiaji uliochorwa kwa namna hiyo hupanda mara fuwele inapoanza kuteleza. Na mashine inaposimamishwa, huanza kushuka, ingawa hakuna mtu aliyeigusa fuwele na mkazo umebaki karibu palepale. Werner Köster, mtaalamu wa metali wa Ujerumani, alikuwa ameona sehemu ya jambo hili mapema, mnamo mwaka 1940, kwamba ukakamavu wa metali iliyofuliwa baridi hushuka kisha hurejea wenyewe siku zinavyopita. Mwaka 1958 Granato, Akira Hikata na Lücke walilihesabu kwa msaada wa kanuni iliyokuwa imetolewa na A. H. Cottrell na B. A. Bilby mwaka 1949 kuhusu atomu ngeni zinazovutwa na mtenguko: kasoro ndogo zilizozaliwa wakati wa kuvuta huelea ndani ya fuwele kuelekea mitenguko, na idadi ya zilizokwisha kufika huongezeka kwa kadiri ya muda uliopita ukipandishwa kwenye kipeo cha theluthi mbili. Kila inayofika ni kidole kimoja zaidi juu ya uzi. Mchoro wa kurejea kwa ufifiaji uliotabiriwa hivyo ulilingana na vipimo, na hapo uchovu na mapumziko ya waya wa Kelvin yakapata watendaji wake halisi, ingawa ni lazima kuongeza kwamba waya wa Kelvin ulikuwa na punje nyingi na uchafu mwingi, na hakuna anayeweza leo kuugawa upotevu wake kwa kila chanzo kwa uhakika.

Swali linalofuata ni nini hasa kinachouzuia mtenguko unaposogea. Katika halijoto ya kawaida, jibu ni mitikisiko ya joto ya atomu zenyewe, ambayo wanafizikia huihesabu kama chembe na kuiita fononi. Mtenguko unaposafiri huigonga na kuitawanya, na hupoteza mwendo wake kwa kufanya hivyo. Metali ikipozwa, fononi hupungua na mtenguko huwa mwepesi zaidi, mpaka kinachobaki kuuzuia ni elektroni zilezile zinazopitisha umeme. Risasi hutoa fursa ya kuzitambua, kwa sababu chini ya kelvini 7.2, yaani karibu nyuzi 266 chini ya sifuri ya Selsiasi, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. H. E. Bömmel aliripoti mwaka 1954 kwamba ufifiaji wa altrasaundi ndani ya risasi huporomoka inapoingia katika hali hiyo, kwa kuwa elektroni haziwezi tena kupokea nishati ya wimbi kama awali. Na katika miaka ya 1960 ikaonekana kwamba katika hali hiyohiyo upotevu unaotegemea ukubwa wa mtikisiko, ambao ni sauti ya mitenguko, huwa mkubwa zaidi, kwa sababu mitenguko iliyonyimwa kizuizi cha elektroni hutikisika kwa uhuru uliopita kiasi. Elektroni, mitenguko na sauti, ambavyo vitabu hufundisha katika sura tofauti, hukutana hapo ndani ya kipande kimoja cha risasi.

Kuna kilele kimoja ambacho kimeigharimu elimu hii fikra nyingi kuliko vingine vyote. Mwaka 1949 Mwitalia Piero Giorgio Bordoni, aliyekuwa akifanya kazi Roma, aliripoti kwamba metali kadhaa, zikiwemo risasi, shaba, alumini na fedha, huonyesha upotevu mkubwa katika halijoto ya chini sana, ambayo kwa shaba na kwa marudio ya maelfu ya mitikisiko kwa sekunde ni karibu kelvini 80 hadi 90. Kilele hicho huwepo pale tu metali ilipokuwa imefuliwa baridi. Ikipashwa moto vya kutosha hutoweka, na atomu ngeni huweza kukipunguza urefu lakini karibu haziihamishi halijoto yake. Chanzo, kwa hiyo, kilikuwa kitu cha mitenguko yenyewe, kisichotegemea kilichotua juu yake. Mwaka 1956 Mjerumani Alfred Seeger alitoa maelezo ambayo kiini chake kinakubaliwa mpaka sasa. Mtenguko unapolala sambamba na safu za atomu, hukaa kana kwamba uko bondeni kati ya matuta mawili, na ili usogee hauhitaji kuvuka tuta lote kwa urefu wake wote. Joto likiusukuma, kipande kidogo chake huruka hadi bonde la pili, na kona mbili zinazobaki kati ya bonde na bonde hukimbiliana mbali mpaka mstari wote umevuka. Muda wa kungoja kona hizo zizaliwe ndio uchelewaji unaofanya kilele, na kizingiti chake katika shaba ni takriban sehemu moja ya kumi ya elektronivolti, kipimo cha nishati kinachofaa kwa mambo ya atomu moja moja. D. H. Niblett na J. Wilks wa Oxford waliona karibu wakati huohuo kwamba kando ya kilele kikuu, kwenye baridi zaidi, kuna kilele kidogo cha pili, ishara kwamba mitenguko ya aina zaidi ya moja inahusika.

Hapo ndipo pana fundo ambalo limezua mjadala mrefu. Kutokana na kilele cha Bordoni mtu anaweza kukokotoa urefu wa matuta, na kutokana na urefu huo, mkazo ambao ungehitajika kuuvusha mtenguko bila msaada wa joto. Mkazo huo, kwa shaba, hutoka kuwa mkubwa mara nyingi kuliko ule ambao fuwele safi ya shaba huonekana kuanza kuteleza kwao inapovutwa katika baridi kali, ambako joto halina msaada wa maana. Vipimo vyote viwili ni vya kuaminika, vyote viwili vinahusu mitenguko ndani ya metali ileile, lakini matuta ambayo kimoja kinayaona ni marefu na yale ambayo kingine kinayaona ni mafupi. Wapo waliopendekeza kwamba mitenguko inayovutwa kwa wingi husukumana na kusaidiana kuvuka, kwa hiyo mkazo unaoonekana nje si ule unaoupata kila mtenguko kwa ndani. Wapo waliouliza kama mitenguko inayotoa kilele ndiyo ileile inayobeba mtelezo, kwa kuwa ni ile tu iliyolala sambamba kabisa na safu za atomu inayoweza kuyahisi matuta kwa ukamilifu, na ile iliyolala kimshazari ina kona tangu mwanzo na husogea bila kungoja zizaliwe. Hoja hii ya pili ina uzito, kwa sababu inaeleza pia kwa nini kilele huhitaji metali iwe imefuliwa kwanza, kwa kuwa mitenguko michache iliyokuwamo tangu fuwele ilipokua haikuweza kukitoa peke yake. Lakini ili kuithibitisha ingebidi mtafiti ajue, kwa kipande kilekile kinachopimwa, ni kiasi gani cha mitenguko kilicholala kwa kila mwelekeo, na hadubini ya elektroni, inayohitaji kipande kichongwe kiwe chembamba kuliko utando, huiachia mitenguko mingi nafasi ya kutoroka kupitia nyuso zake kabla haijahesabiwa.